Nguo Ndiyo Hukatwa: Mwongozo Kamili wa Kuacha Kuuhangaikia Mwili

Ukutani kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Kiyembe, katikati ya Kampala, kuna msumari ninaouita "Nikipungua". Hapo natundika nguo zilizokwisha kushonwa na kulipiwa, ila wenyewe hawajaja kuzichukua. Habari zao zinafanana. Mteja anakuja kupimwa, tepu ikifika kiunoni anavuta tumbo ndani, kisha ananinong'oneza: "Fundi, hapo toa inchi mbili. Mpaka siku ya sherehe nitakuwa nimepungua." Sherehe inafika, hajapungua, anavaa kitu kingine au anasema kichwa kinamuuma na kubaki nyumbani. Wiki hii msumari una magauni matatu. La zambarau lina mwaka na miezi miwili.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye cherehani. Nimezaliwa Bombo katika nyumba ya Wanubi, ndiyo maana Kiswahili kimenikaa mdomoni, na wateja wangu wengi tunaelewana kwa lugha hiyohiyo: wake wa askari, Wakongo wanaoleta vitenge, wafanyabiashara wa Busia na Arua. Kazi yangu ni kuzungushia watu tepu, na sikumbuki mara ya mwisho nilipompima mtu mzima ambaye hakuniomba radhi. Mnene anaomba radhi kwa kitambi, mwembamba kwa mifupa ya bega, aliyejifungua kwa michirizi, mwanaume kwa kifua. Hata binti mmoja ambaye wenzake wangetoa chochote wafanane naye aliniambia nisimwangalie magoti.

Sitakufundisha kuupenda mwili wako. Wapo wanaoweza kusimama mbele ya kioo na kujiambia "mimi ni mzuri". Mimi nikijaribu nacheka. Nataka jambo dogo kuliko hilo: wasiwasi wa mwili usiwe tena bosi wa kuamua uende wapi, uvae nini na ukae kiti gani. Jipe miezi miwili. Hatua zifuate kwa mpangilio, isipokuwa ile ya kamba, ambayo unaweza kuifanya hata leo kabla ya chakula cha jioni.

Hatua ya 1: Andika deni

Chukua daftari la kawaida. Kwa siku saba, kila jioni, andika mambo uliyoyaacha au kuyafanya nusunusu kwa ajili ya mwili. Usiandike hisia, andika matukio. "Sikupanda boda pale stejini, niliogopa vijana watacheka." "Nilijificha nyuma ya shemeji kwenye picha ya ukoo." "Nilivaa sweta saa saba mchana." "Mbele ya wageni nilikula vijiko vitatu, usiku nikamaliza sufuria peke yangu jikoni."

Pembeni weka muda uliopotea. Mteja wangu mmoja aligundua kwamba kila asubuhi hutumia dakika 40 kuvaa, kuvua na kuvaa tena. Tulipiga hesabu juu ya meza yangu ya kukatia: dakika 40 kwa siku 365 ni zaidi ya saa 243, yaani siku kumi, usiku na mchana, amesimama mbele ya kabati. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nina maji ya kunywa.

Hilo daftari ndilo mizani yako. Miezi miwili ikiisha hutahesabu kilo, utahesabu mistari iliyofutika.

Hatua ya 2: Uliza hiyo sauti ni ya nani

Mtu anaudhika na unene mwezi huu, mwezi ujao anaogopa kukonda, na mwili ni uleule. Ukiona hivyo ujue sauti hiyo kairithi. Hapa Uganda tumerithi sauti nyingi zinazogombana, na ni vizuri uzijue moja moja.

Kuna sauti ya maziwa. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, kwa Mfalme Rumanika. Alikuta wanawake wa nyumba ya mfalme wakinyweshwa maziwa kutwa, wengine wameshindwa hata kusimama. Shemeji mmoja wa mfalme alikubali apimwe baada ya mgeni kuahidi kwamba naye atamwonyesha miguu na mikono yake mitupu. (Katika mafundi wote niliowasikia, huyo peke yake alilipa mteja kwa kujivua mwenyewe.) Kwa Wahima wa Ankole pia bibi harusi alinenepeshwa kwa maziwa, na unene wake ulitangaza kwamba kwao kuna ng'ombe. Shangazi anayekuambia "umebaki mifupa, mume atakukimbia" anasema kwa sauti hiyo, hata kama hajawahi kumiliki ndama.

Kuna sauti ya siliimu. Ugonjwa ulipoingia Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya UKIMWI kupata jina hilo, watu waliuita kwa neno la Kiingereza la wembamba, "slim", nalo likageuka siliimu katika Kiganda. Mwaka 1985 madaktari waliuandikia makala katika jarida la kitabibu wakitumia jina hilohilo la mitaani. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza mwaka 1989 na kutangaza hadharani kwamba anaugua, wengi walikataa kuamini, kwa sababu kwa macho alionekana mzima. Kizazi kizima kilijifunza kusoma kifo kwenye mashavu ya mtu. Ndiyo maana hadi leo ukipungua kilo tatu kwa sababu ya kazi, jirani anakuuliza kwa sauti ya chini, "Lakini uko sawa?" Hakuchukii. Anakumbuka mazishi. Siku hizi mambo hata yamegeuka, maana baadhi ya dawa za VVU zinazotumika sasa huwaongezea watumiaji uzito. Kama ndivyo ilivyo kwako, usiache dawa ili upungue. Mwambie mhudumu wa kliniki.

Halafu kuna sauti ya serikali. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ilipiga marufuku sketi fupi. Mwaka 2014 ikaja sheria dhidi ya ponografia, watu wakaitafsiri wapendavyo, na wanawake wakavuliwa nguo barabarani na wahuni waliojifanya askari wa maadili. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake Agosti 2021. Katikati hapo, mwaka 2019, likatangazwa shindano la wanawake wenye maumbo makubwa, eti wawe kivutio cha utalii pamoja na sokwe na maporomoko ya maji. Paja lilelile lilifichwa kwa sheria na kutangazwa kwa watalii, na wewe mwenye paja hukuulizwa.

Kazi ya hatua hii: rudi kwenye daftari, na mbele ya kila mstari andika nani alisema kwanza, na lini. Mama mkwe, 2016. Mwalimu wa michezo, darasa la sita. Tangazo la krimu. Mistari mingine itabaki haina mwenyewe. Iache hivyo.

Hatua ya 3: Kamba moja

Wasiwasi wa afya na wasiwasi wa mwonekano huja wamevaa sare. Lazima uwatenganishe, la sivyo ule wa mwonekano utajificha nyuma ya neno "afya" maisha yako yote.

Kata kamba ndefu sawa na wewe, kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje katikati. Ile nusu izungushe tumboni, kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, huku umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo (nakuona). Ncha zikikutana au kupishana, vizuri. Zisipokutana, maana yake kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hapo inafaa upime presha na sukari katika kituo cha afya. Mjamzito asitumie kipimo hiki.

Vyovyote itakavyokuwa, mtu mzima apime presha mara moja kwa mwaka. Majibu yakiwa na tatizo utapewa la kufanya: dawa, chumvi kidogo, kutembea. Yakiwa mazuri, faili la afya limefungwa mpaka mwakani. Kinachobaki ni mwonekano, na mwonekano hauna dharura.

Watakupa pia ile hesabu ya kilo kugawanya kwa urefu mara urefu. Isikutishe sana. Chanzo chake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtaalamu wa hesabu na nyota aliyekuwa akitafuta mtu wa wastani katika umati. Hakuwa daktari, wala hakuibuni kwa ajili ya kumhukumu mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 4: Mizani na kioo

Barabarani Kampala utamkuta kijana ameweka mizani ya bafuni juu ya kipande cha boksi, anakupima kwa sarafu chache. Namjua mama aliyekuwa anapanda mizani hiyo asubuhi akienda kazini na tena jioni akirudi. Asubuhi 78, jioni 79 na nusu. Usiku huo hakula.

Fanya jaribio hili mara moja tu maishani. Panda mizani, shuka, kunywa lita moja ya maji, panda tena. Umeongezeka kilo moja, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Mwili wa mtu mzima unaweza kupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa siku kwa maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni, na kwa wanawake siku za mwezi. Anayejipima mara mbili kwa siku anapima posho (ugali) na chai. Kama daktari hajakuagiza kufuatilia uzito, acha mizani kwa miezi hii miwili.

Kioo ni kigumu zaidi kwa sababu kiko kila mahali: dirisha la duka, kioo cha boda, simu iliyozimwa. Kwanza hesabu. Siku moja weka alama kwenye daftari kila unapojikagua, pamoja na kubana tumbo kwa vidole, kugusa shavu, kuvuta blauzi nyuma. Usishangae zikifika thelathini. Siku inayofuata chagua moja tu ya kuchelewesha: hamu ikija, ngoja dakika kumi kwanza. Mara nyingi inapita yenyewe kama chafya iliyokataa kutoka. Wiki ijayo ongeza ya pili.

Ukilazimika kujitazama, simama mbali kiasi cha kuona kichwa hadi miguu, na ujieleze kama ninavyoandika kwenye kitabu changu cha vipimo: mabega mapana, kiuno 92, nyonga 110, mkono mrefu. Katika kitabu changu hakuna safu ya "mbaya". Tatizo la kioo ni kukisogelea na kuangalia sehemu moja mpaka ijae chumba.

Hatua ya 5: Nguo, na hapa nitakaa

Nguo inayobana hukukumbusha mwili wako kila dakika. Mkanda unaokata tumbo, sidiria inayochora mistari mgongoni, suruali ya kupandishwa kila ukiinuka: huwezi kusahau kiuno kinachouma. Watu hudhani wanauchukia mwili, kumbe wanachukia saizi waliyong'ang'ania.

Na saizi yenyewe ni nini? Nenda soko la Owino, chukua magauni matatu kwenye rundo la mitumba. La Uingereza limeandikwa 14, la Marekani 10, la Ufaransa 42 hivi. Yapange moja juu ya jingine: ni karibu gauni moja. Umelia kwa ajili ya namba iliyobandikwa na mtu ambaye hakujui. Lebo ikikusumbua, ikate kwa mkasi. Mimi nawakatia wateja bure.

Sasa fanya hivi. Toa nguo zote kabatini na uzipange makundi matatu: zinazokaa vizuri leo, zinazoweza kurekebishwa, na zinazosubiri mwili mwingine. Kundi la tatu liondoke chumbani. Kama kuziuza kunakuuma, zifunge kwenye mfuko umpe dada yako akutunzie. Usizibakize zikikutazama kila asubuhi.

Kundi la pili liletwe kwa fundi. Ukifika, geuza nguo ndani nje na umuulize kilichobaki kwenye mshono. Nguo nzuri huwa na sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu za kitambaa kila upande wa mshono, na kila sentimita ikiachiwa pande zote mbili za gauni inakupa nne kwa jumla. Fundi mwerevu atakuachia bila alama kuonekana. Mshono ukiwa hauna akiba, unawekwa kipande pembeni kuanzia kwapani hadi chini. Kwenye kitenge hata huwezi kukigundua ukichagua ua sahihi.

Ukipimwa nguo mpya, fuata sheria tatu. Pumua. Fundi apitishe vidole viwili chini ya tepu. Tatu, ambayo mafundi wengi wanaisahau: upimwe nyonga na tumbo ukiwa umekaa pia, maana mtu akikaa hutanuka, na kwenye sherehe zetu mtu hukaa saa tano kwenye kiti cha plastiki akisikiliza hotuba. Gauni la kusimama tu ni gauni la sanamu.

Niliposema habari za msumari wangu sikukueleza jambo moja: gomesi haijawahi kutundikwa pale. Vazi hili lilipata jina kwa fundi wa asili ya Goa aliyeitwa Gomes, na wengi hulihusisha na shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne iliyopita. Linazungushwa mwilini, linashikwa kwa vifungo viwili upande wa kushoto karibu na bega na kufungwa mshipi mpana nyongani. Ukinenepa, mshipi unasogea. Ukikonda, unasogea. Ukiwa na mimba, bado unalo. Tena ndani yake wanawake hufunga kikoi kizito ili nyonga zijae! Nina wateja ambao Jumatano wananiomba nifiche nyonga kwenye suti ya ofisi, na Jumamosi kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wananiomba kikoi kinene zaidi. Nyonga ni zilezile.

Hatua ya 6: Simu

Fupi. Kule Fiji televisheni ilifika katika eneo moja la vijijini mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker akawahoji wasichana wa shule. Mwaka huo hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa runinga ya sebuleni inayozimwa usiku; yako iko chini ya mto. Jioni moja pitia kurasa unazofuata, na kila inayokufanya ujiguse tumbo, iache. Zima vichujio vya kulainisha uso kwenye kamera, hasa vile vinavyojiwasha vyenyewe, maana ukizoea uso wa kichujio wako halisi utaonekana una kasoro.

Hatua ya 7: Maneno ya watu

Hapa kwetu mwili ni salamu. "Ogezze!" mtu anakuambia kwa furaha kabla hata hujakaa, kwamba umenenepa. Mwingine anakupokea na "Okozze," umekonda, kwa uso wa msiba. Huwezi kuwanyamazisha wote, na wengi hawana nia mbaya. Andaa majibu mapema, maana jibu la papo hapo huja na machozi au matusi.

Kwa mkubwa, mpe heshima yake kisha geuza njia: "Shangazi, nashukuru unanitazama. Magoti yako yanaendeleaje?" Mkubwa akiulizwa habari za magoti yake hatarudi kwenye kiuno chako. Kwa Hajati jirani: "Alhamdulillahi Hajati, ndivyo tulivyo. Watoto wamefungua shule?" Kwa rika lako unaweza kuwa wazi: "Dada, mambo ya mwili wangu sitaki tuyaongee. Niambie safari ilikuwaje." Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, usicheke ili kulainisha. Akirudia, rudia maneno yaleyale bila kuongeza maelezo. Ukianza kueleza ("unajua tangu nijifungue...") umefungua baraza.

Na wewe mwenyewe acha kuianza salamu hiyo. Hili lilinishinda muda mrefu, kwa sababu kumsifia mteja kwamba amepungua huleta bakshishi. Sasa nasema, "Rangi hii imekukubali," na bakshishi bado inakuja, ingawa si kila mara.

Mambo mawili ya pembeni

Chakula kwanza. Usijinyime ili uwe na haki ya kuvaa. Mwaka 1944 hadi 1945 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kulishwa nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanakasirika ovyo. Kwa hiyo ukiruka katogo ya asubuhi na mchana, na usiku ukajikuta na rolex tatu (zile chapati za kuviringwa na mayai), usiseme huna nidhamu. Ni njaa tu. Kula mara tatu kwa wakati, mbele ya watu.

Pili, krimu za kung'arisha. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku katika vipodozi hapa nchini, lakini zinauzwa. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ya muda mrefu huacha mabaka ya bluu na nyeusi yasiyoondoka. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka inapasuka, na ngozi hiyo ikihitaji upasuaji hushonwa kwa taabu. Namwelewa daktari anayeishona. Hata mimi kitambaa kilichooza kwa jiki hakishiki uzi. Kama umetumia za steroidi kwa miaka, usikatishe ghafla peke yako, muone daktari wa ngozi akupunguzie polepole.

Kabla ya ngazi, simama hapa

Kama unajitapisha baada ya kula, unatumia dawa za kuharisha ili upungue, umeacha kula mpaka hedhi imekatika, unatumia saa nzima au zaidi kila siku ukifikiria kasoro moja ambayo wengine hawaioni, au umewaza kwamba afadhali usiwepo, daftari langu halikutoshi. Hayo ni maradhi na yana tiba. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Mbale, Gulu na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, iliyopo tangu miaka ya 1950. Najua jina la Butabika linavyochekwa mitaani. Nimewasindikiza wawili pale, mmoja ndugu yangu wa damu. Tulikaa kwenye benchi, tukaitwa, tukazungumza na daktari, tukarudi nyumbani na teksi. Hakuna aliyetutazama.

Hatua ya 8: Ngazi

Chukua mistari ya daftari uipange kwa woga, kutoka 0 hadi 10. Anza na wenye 3, kamwe usianze na 9. Fanya jambo hilo bila magongo: kama ni kuvaa blauzi bila sweta, usibebe sweta mkononi. Kaa humo mpaka woga ushuke wenyewe, jambo ambalo linaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi. Ukikimbia woga ukiwa juu, umeufundisha kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Rudia ngazi ileile mara tatu, nne, hadi ikuchoshe. Ikichosha, panda ya juu yake.

Yangu ilikuwa mkono. Nikiwa na miaka kumi na miwili pasi ya mkaa ilinidondokea, ikaacha kovu kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, limekunjamana kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliokazwa mno. Nilivaa mikono mirefu miaka ishirini na mitano, katika joto la Kiyembe, kati ya pasi na mabati. Ngazi zangu: kukunja mikono nikiwa peke yangu kibandani na mlango wazi (3). Kwenda kununua vifungo kwa jirani nikiwa hivyo (4). Kumpima mteja wa zamani (6). Kumpima mteja mgeni, uso kwa uso, mkono ukipita mbele ya macho yake (8). Gauni la mikono mifupi kwenye harusi Bombo, kwa watu walionilea (10).

Ile ya 4 ilinitoa jasho kuliko zote, na yule muuza vifungo hakuinua macho kutoka kwenye simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jambo kama hilo mwaka 2000. Waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu, wakawaingiza kwenye chumba cha wenzao. Wavaaji walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wataiona. Walioiona walikuwa kama robo.

Wale wa robo wapo, siwezi kukudanganya. Ngazi ya 6, mtoto wa mteja alinishika mkono na kuuliza, "Senga (shangazi), hii ni nini?" Mama yake akataka ardhi immeze. Nikamwambia ni pasi, niliicheza nikiwa mdogo. Akaitazama pasi yangu ya umeme mezani, akasogea hatua mbili nyuma, kisha akaomba pipi.

Bombo nilienda. Nilicheza, nikala, nikapiga picha mstari wa mbele. Binamu mmoja alisema nimenenepa.

Kuhusu gauni la zambarau, jana nililigeuza ndani nje. Mshono una akiba ya sentimita mbili kila upande, nilikata kwa ukarimu siku ile bila kumwambia. Nimeufungua, nimeuachia, nimepiga pasi. Kesho nampigia simu mwenyewe nimwambie gauni liko tayari, na kwamba Jumamosi nafungua hadi saa kumi na mbili.